Mwanamke Mwenye Maumivu ya Kifua: Mwongozo kwa Maafisa Tabibu, Wauguzi na Madaktari wa Zamu

Mwongozo huu ni wa wahudumu wa vituo vya afya na hospitali za wilaya, wale wanaompokea mgonjwa muda mrefu kabla daktari bingwa wa moyo hajasikia habari zake. Unahusu ugonjwa wa mishipa inayoulisha moyo damu, na ndani yake jambo moja: wanawake wanaotibiwa ugonjwa huu hupata matokeo mabaya kuliko wanaume, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo haimo mwilini mwa mwanamke. Imo katika dakika zinazopotea mapokezini, katika kipimo kisichofanywa na katika dozi iliyokadiriwa kwa macho. Sehemu hiyo tunaweza kuiondoa kwa vifaa tulivyo navyo.

Dozi zinazotajwa humu ni zile za kawaida. Pale mwongozo wa matibabu wa taifa lako unaposema tofauti, fuata huo.

Tofauti inatoka wapi

Mwaka 1999 Viola Vaccarino na wenzake walichapisha uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya 380,000 waliolazwa kwa mshtuko wa moyo nchini Marekani. Wanawake waliofia hospitalini walikuwa asilimia 16.7, wanaume, asilimia 11.5. Jibu la haraka ni kwamba wanawake huugua moyo wakiwa na umri mkubwa zaidi, na wengi huwa wameishi na kisukari na presha kwa miaka mingi. Ni kweli. Utafiti wa INTERHEART, uliofanyika katika nchi 52, ulikuta kwamba mshtuko wa kwanza humpata mwanamke kama miaka 9 baada ya umri unaompata mwanamume.

Lakini tazama pengo lenyewe lilipokaa. Kwa wazee waliopita miaka 75, tofauti ya vifo kati ya bibi na babu ilikuwa imefifia. Ilikuwa kali kwa vijana: chini ya miaka 50, vifo vya wanawake vilikuwa zaidi ya mara mbili ya vifo vya wanaume wa rika lao. Uzee hauwezi kueleza kifo cha mama wa miaka 44. Huyo ndiye tunayemtuma nyumbani na dawa ya vidonda vya tumbo, kwa sababu vichwani mwetu mgonjwa wa moyo ni mzee wa kiume, mnene, mvuta sigara.

Yapo mambo ya mwili ambayo mhudumu wa mapokezi hawezi kuyabadilisha. Mishipa ya moyo wa mwanamke kwa kawaida ni myembamba zaidi, hivyo kuiwekea stenti au kuipandikizia mshipa mwingine ni kazi ngumu zaidi. Nchini Marekani, kati ya 2011 na 2020, upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo uliua wanawake asilimia 2.8 na wanaume asilimia 1.7. Kisukari nacho huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo kwa mwanamke kuliko kinavyoiongeza kwa mwanamume, na sigara vivyo hivyo.

Yaliyobaki ni yetu. Bernadine Healy, daktari wa moyo aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuongoza taasisi za taifa za utafiti wa afya za Marekani, aliandika mwaka 1991 kuhusu tafiti mbili zilizoonyesha kwamba wanawake wenye dalili za moyo hawakupelekwa kupimwa mishipa kwa kiwango cha wanaume. Hoja yake ilikuwa kwamba mwanamke hutibiwa sawa na mwanamume baada tu ya kuthibitisha kwamba ugonjwa wake unafanana na wa mwanamume. Zaidi ya miaka 30 imepita, na hoja hiyo bado inatuhusu.

Kwetu Afrika Mashariki ugonjwa wenyewe unatupita, awe nao mwanamke au mwanamume. Mwaka 2019, katika idara ya dharura ya hospitali ya rufaa mjini Moshi, watafiti waliwapima wagonjwa 681 waliokuja na maumivu ya kifua au kuhema kwa shida. Waliogundulika kuwa na mshtuko wa moyo walikuwa 152, na wengi wao hawakuwa wametambuliwa na wahudumu waliowaona. Mahali ambapo hata mwanamume wa miaka 60 anayeshika kifua hatambuliwi, mama anayesema anajisikia kuchoka na kichefuchefu ana nafasi ndogo zaidi.

Mapokezini

Kuna dhana mbili zinazovutana, na zote mbili zimeleta madhara. Ya kwanza inasema mshtuko wa moyo ni maumivu makali ya katikati ya kifua yanayokwenda mkono wa kushoto, na asiye nayo hana mshtuko. Ya pili, ambayo siku hizi husikika sana kwenye semina, inasema wanawake hawaumwi kifua kabisa, dalili zao ni za ajabu ajabu. Utafiti wa VIRGO uliwauliza wagonjwa wa mshtuko wa moyo wenye miaka 18 hadi 55 nchini Marekani. Asilimia 87 ya wanawake walikuwa na maumivu au mbano wa kifua, wanaume asilimia 89.5. Tofauti ni ndogo mno. Kilichowatofautisha ni kwamba wanawake walitaja dalili nyingine nyingi pamoja na kifua: kichefuchefu, kuhema, maumivu ya taya, shingo, mgongo au katikati ya mabega, mapigo kwenda mbio. Mhudumu akasikia orodha ndefu na kifua kikapotea humo ndani.

Miongoni mwa waliokuwa wametafuta huduma kabla ya kulazwa, asilimia 53 ya wanawake walisema mhudumu hakudhani tatizo ni moyo. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 37. Na wanawake wenyewe walikuwa wepesi zaidi kusema ni mawazo au msongo.

Basi, mama akitaja kifua, hata kama ni dalili ya sita katika maelezo yake, ianze hiyo. Wala usimwondolee hofu ya moyo yule asiyekitaja kabisa. Katika takwimu za wagonjwa zaidi ya milioni moja wa Marekani, wa umri wote, asilimia 42 ya wanawake na karibu asilimia 31 ya wanaume walifika hospitalini na mshtuko wa moyo bila maumivu ya kifua. Mwenye kisukari na mzee ndio wa kuangaliwa zaidi.

Namna ya kuuliza ina uzito. Wanawake wengi watakujibu "hapana" ukiuliza kama kifua kinauma, kisha dakika mbili baadaye wakwambie kinabana, kizito, kinawaka moto, au chembe ya moyo inasokota. Kwa hiyo uliza hivyo: kinabana? Kuna uzito? Kinachoma? Unapofua, unapobeba ndoo au kupanda mlima kinazidi, ukipumzika kinatulia? Muulize yeye mwenyewe. Mara nyingi mume, mkwe au kijana aliyemleta ndiye anayeeleza, na anaeleza alichokiona yeye: mama ana presha, mama ana mawazo tangu msiba. Wasikilize kwa heshima, kisha omba nafasi ya kuzungumza na mgonjwa faragha.

Muulize pia saa dalili zilipoanza, na usiridhike na "leo asubuhi". Mama wa nyumbani huvumilia usiku kucha, akapika chai, akasubiri watoto waende shule na nauli ipatikane, ndipo akaja. Saa maumivu yalipoanza ndiyo inayoamua tiba.

Historia ya uzazi iandikwe kwenye jalada lake kama tunavyoandika sigara. Aliyewahi kupata kifafa cha mimba, au presha ya ujauzito iliyoambatana na protini kwenye mkojo, ana hatari ya kuugua mishipa ya moyo baadaye maishani inayokaribia mara mbili ya wenzake. Kisukari cha mimba na kukoma hedhi mapema navyo huongeza hatari. Anayeishi na VVU, hata akiwa anameza dawa vizuri, yumo katika kundi hili. Mjamzito na aliyejifungua hivi karibuni hawana kinga: mshipa wa moyo unaweza kuchanika wenyewe katika wiki za baada ya kujifungua, na mchaniko huo ndio chanzo kikuu cha mshtuko wa moyo unaohusiana na ujauzito. Mzazi wa wiki tatu mwenye mbano wa kifua apimwe umeme wa moyo mara moja, kabla ya kuambiwa ni uchovu wa kunyonyesha.

Kipimo cha umeme wa moyo

Kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, kifanyike ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Dakika hizo zihesabiwe kuanzia mlangoni, si kuanzia alipomaliza kulipia dirishani. Mganga mfawidhi atoe agizo la maandishi kwamba kipimo hiki kinatangulia malipo na usajili kwa kila mwenye dalili tulizozitaja.

Nimeona mara nyingi kipimo kikichelewa kwa mwanamke kwa sababu isiyosemwa: ni lazima avue. Mhudumu wa kiume anasita, anamngoja muuguzi wa kike aliyeko wodi nyingine, mgonjwa mwenyewe anaona haya mbele ya watu kwenye benchi. Andaeni mambo haya mapema. Pazia liwepo, kanga safi ya kumfunika kifua iwekwe kando ya mashine, na katika kila zamu awepo muuguzi wa kike anayejua kuipiga. Kama hayupo, anayejua na afanye, mbele ya ndugu wa mgonjwa, akieleza kila hatua.

Elektrodi zikae mahali pake. Makosa ya kawaida ni kuziweka juu ya titi au kuzipandisha juu mno ili kulikwepa, na picha inayotoka hupotosha. Linyanyue titi kwa mgongo wa kiganja, hesabu mbavu, uweke V4 kwenye nafasi ya tano chini yake, kisha V5 na V6 zifuate usawa ule ule.

Kuna kigezo ambacho wengi wetu hatukufundishwa. Katika V2 na V3, mstari wa ST ulioinuka milimita 1.5 unatosha kuwa dalili ya mshipa ulioziba kwa mwanamke wa umri wowote. Kwa mwanamume wa miaka 40 na zaidi tunasubiri milimita 2, na kwa aliye chini ya hapo, 2.5. Katika sehemu nyingine za kipimo ni milimita 1 kwa wote. Anayemsomea mwanamke kwa kipimo cha kiume atamwambia ni mzima ilhali mshipa umeziba. Bandikeni namba hizi ukutani juu ya mashine.

Kipimo cha kwanza kikiwa kizuri na dalili zikiendelea, kirudie baada ya dakika 15 hadi 30, na tena. Ukiona ST imeshuka V1 hadi V3, piga na za mgongoni, V7 hadi V9.

Penye kipimo cha troponini, tambua kwamba mwanamke mzima huwa na kiwango cha chini kuliko mwanamume. Kwa mojawapo ya vipimo vyenye usikivu mkubwa vinavyotumika sana, mpaka wa juu ni nanogramu 16 kwa lita kwa mwanamke na 34 kwa mwanamume. Huko Edinburgh, watafiti walipotumia mpaka wa kila jinsi, wanawake waliotambuliwa kuwa na mshtuko wa moyo walipanda kutoka asilimia 11 hadi 22, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015. Uliza maabara yako inatumia mpaka gani. Kama mnacho kile kipimo cha haraka cha mistari, jibu moja la hapana halimwachilii mgonjwa; rudia baada ya saa 3 hadi 6. Ufuatiliaji wa baadaye huko Scotland ulitufunza jambo zito: wanawake wengi zaidi walitambuliwa, lakini bado walipewa tiba chini ya wanaume, na hali yao haikuboreka. Kutambua bila kutibu hakumwokoi mtu.

Dawa na dozi

Aspirini miligramu 300, atafune, mara tu unaposhuku na hakuna mzio wala damu inayotoka. Oksijeni apewe mwenye kiwango chini ya asilimia 90, wengine hawaihitaji. Kidonge cha chini ya ulimi apewe kama presha ya juu haiko chini ya 90.

Kisha mpime uzito. Wanawake hutokwa damu zaidi kutokana na dawa za kuzuia mgando, na sababu mojawapo ni sisi kuzidisha dozi. Katika uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2006, kati ya waliopewa aina moja ya dawa kali za kuzuia chembe sahani, asilimia 46 ya wanawake walipewa dozi iliyozidi. Wanaume, asilimia 17. Enoksaparini ni miligramu 1 kwa kila kilo kila baada ya saa 12. Mama wa kilo 46 haandikiwi miligramu 60 kwa kuwa sindano ilikuja na 60. Usimalizie kwenye kreatinini ya maabara pekee; hesabu kasi ya figo kwa umri, uzito na jinsi, maana bibi mwembamba anaweza kuwa na kreatinini inayoonekana nzuri na figo zilizochoka. Kasi ikiwa chini ya mililita 30 kwa dakika, enoksaparini iwe mara moja kwa siku.

Nasisitiza upande wa pili kwa nguvu ile ile: hofu ya damu isiwe sababu ya kumnyima tiba. Kama mshipa umeziba na hospitali yenye chumba cha kuzibulia haifikiki ndani ya dakika 120, dawa ya kuyeyusha mgando itolewe hapo hapo ikiwa dalili hazijapita saa 12 na hakuna vizuizi. Kutoka Kigoma au Songea hakuna gari la wagonjwa litakalofika kwenye chumba cha namna hiyo kwa muda huo, kwa hiyo dawa hiyo ndiyo tiba, na hospitali za ngazi hizo zinapaswa kuwa nayo. Hedhi peke yake si kizuizi. Mjamzito na mzazi mpya ni suala la kuzungumza kwa simu na daktari bingwa papo hapo, iwe Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete mjini Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, au mahali mnapopeleka rufaa zenu.

Barua ya rufaa iseme wazi "mshtuko wa moyo", na itaje saa dalili zilipoanza, uzito, figo, dawa zilizotolewa na saa zake, na kama kuna uwezekano wa mimba. Ukiandika "maumivu ya kifua, kwa uchunguzi" unampeleka kwenye foleni. Mweleze pia mgonjwa na ndugu kwamba mishipa inaweza kupimwa kupitia kifundo cha mkono, njia inayopunguza kutokwa damu kuliko ile ya kinena. Wanawake wengi hukataa rufaa kwa hofu ya "kupasuliwa moyo", na ni wachache wanaoambiwa ni sindano ya mkononi.

Akirudi na jibu kwamba mishipa haijaziba

Hili huwatokea wanawake zaidi. Kati ya wagonjwa wa mshtuko wa moyo, kama 5 hadi 10 kwa kila 100 hukutwa mishipa mikubwa haina kizuizi cha maana. Chanzo kinaweza kuwa kimgando kilichoyeyuka, mshipa uliojibana, mshipa uliochanika, au misuli ya moyo iliyolegea ghafla baada ya mshtuko mkubwa wa nafsi, hali iliyoelezwa kwanza Japani mwaka 1990 na ambayo wengi wa wanaoipata ni wanawake waliokoma hedhi. Wengine huumia kwa sababu mishipa midogo, isiyoonekana kwenye picha, haipanuki inavyopaswa. Mradi wa utafiti wa WISE, ulioanza Marekani mwaka 1996, ulionyesha kwamba wanawake hao hawako salama kama walivyoambiwa.

Kwa hiyo usifute dawa zake kwa kusoma mstari wa mwisho wa ripoti. Mwulize bingwa chanzo ni nini, kwani tiba hutofautiana, na umwambie mama kwamba maumivu yake ni ya kweli na ataendelea kuonwa kliniki.

Kliniki za baadaye

Aliyepata mshtuko wa moyo asitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Sindano ya miezi mitatu nayo haipendekezwi. Muuguzi wa uzazi wa mpango anapaswa kulijua hilo kutoka kwenye kadi ya mgonjwa, na kadi zetu mara nyingi ziko kimya. Dawa za presha za kundi la enalapril hazifai kwa mjamzito, kwa hiyo mzungumze kuhusu mimba kabla hazijaanza. Dawa hizo huwaletea wanawake kikohozi kikavu zaidi kuliko wanaume. Akikohoa, mbadilishie kwenda kundi la losartan. Asiachwe aache mwenyewe. Statini ikimpa maumivu ya misuli, punguza au badilisha kabla ya kuifuta. Ukikutana na mgonjwa aliyeacha dawa, uliza kwanza nani analipa. Kuna nyumba ambamo dawa ya baba hununuliwa kila mwezi na ya mama hungojea mavuno.

Mwelekeze mapumziko kwa maneno yanayolingana na maisha yake. "Usifanye kazi nzito" haina maana kwa anayeteka maji, kutwanga na kubeba kuni. Taja kazi zenyewe, taja wiki, na useme mbele ya watu wa nyumbani nani atazishika. Muulize usingizi na huzuni, kwa kuwa wanawake hupata sonona zaidi baada ya mshtuko wa moyo, na mwenye sonona huacha dawa.

Kwa mganga mfawidhi

Kila robo mwaka, toeni majalada ya wote waliokuja na maumivu ya kifua au kuhema kwa shida. Andikeni kwa kila mmoja: jinsi, umri, saa aliyofika, saa ya kipimo cha umeme wa moyo, kama alipewa aspirini, kama uzito uliandikwa, kama alipewa rufaa. Tenganisheni wanawake na wanaume, kisha linganisheni. Kazi hii inamalizika mchana mmoja na haihitaji bajeti. Ikionekana kwamba mwanamke anasubiri kipimo dakika 50 na mwanamume 20, msitafute wa kulaumiwa. Fuateni njia yake kutoka getini hadi kitandani, mkaone anakwama wapi.

Uchambuzi wa Florida, uliohusu miaka 1991 hadi 2010, ulikuta kwamba wanawake wenye mshtuko wa moyo walikufa zaidi walipotibiwa na madaktari wa kiume, na pengo lilipungua pale madaktari hao walipofanya kazi pamoja na wenzao wengi wa kike. Katika kupanga zamu za dharura, changanyeni. Na daktari anapomruhusu mama mwenye maumivu ya kifua arudi nyumbani, mhudumu wa pili asome kipimo kile na kutia sahihi kabla mama hajatoka.